Gari dogo la juu kisiwani: Piga hesabu ya siku za kazi kabla ya bei

MJOMBA wangu anaishi katika kisiwa cha Bwejuu, wilayani Mafia. Hukusanya nazi na pweza, huvivusha kwa mashua hadi Kilindoni, na kutoka hapo huvisambaza kwa wateja wake wa Utende na vijiji vya kaskazini. Kwa miaka mingi alikuwa akikodi gari kila anaposhusha mzigo. Siku moja akanipigia simu.

"Mpwa wangu, wewe umesomea mambo haya ya uchumi. Nipigie hesabu. Nataka kununua gari dogo la juu, la mtumba."

Nilimpigia hesabu hiyo, na kwenye karatasi gari lilimlipa vizuri. Akaweka rehani mavuno ya minazi yake, akaongeza mkopo wa kikundi, akanunua. Mwaka uliofuata gari lilikuwa likimla badala ya kumlisha. Gari lenyewe lilikuwa na kasoro zake, lakini kosa kubwa lilikuwa langu. Nilihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka, kama vile mjomba anaishi Mbagala. Sikuhesabu bahari.

Makala hii ni kwa wakulima na wafanyabiashara wadogo wa visiwani wanaofikiria kununua magari ya aina hii. Sisemi wasinunue. Ninachosema ni kwamba hesabu ya kisiwani haifanani na ya bara.

Gari hulala mashua inapolala

Mtu wa Bwejuu akinunua gari, gari hilo litalala Kilindoni. Yeye yuko ng'ambo ya maji. Upepo wa kusi ukichafua bahari, mashua haitoki, mzigo hauvuki, na gari linabaki chini ya mwembe. Masika nayo ina siku zake. Ongeza siku za msiba, za harusi, za sikukuu, na siku ambazo pweza ni haba.

Tuchukue mfano. Takwimu hizi ni za kujifunzia. Weka zako mahali pake.

Gari limenunuliwa Dar es Salaam kwa Sh15 milioni. Safari mbili za kulitafuta pamoja na fundi wa kulikagua, Sh400,000. Hati ya mauziano, kubadili umiliki na bima, Sh600,000. Mafuta na nauli ya kulifikisha Kilindoni, Sh500,000. Tairi, betri, bushi na kinga ya kutu kabla ya kuanza kazi, Sh1.5 milioni. Jumla ni Sh18 milioni. Yaani Sh3 milioni zimekwenda juu ya bei, na gari bado halijabeba hata nazi moja.

Sasa tuseme utalitumia miaka sita, kisha uliuze Sh6 milioni. Limepoteza Sh12 milioni, sawa na Sh2 milioni kila mwaka. Matengenezo weka Sh1.6 milioni kwa mwaka. Bima na mlinzi wa mahali linapolala, Sh400,000. Hiyo ni Sh4 milioni kila mwaka, gari litembee au lisitembee.

Siku ya kazi, tuseme linakwenda kilomita 60 na linakula lita sita. Kwa Sh3,000 kwa lita, mafuta ni Sh18,000.

Kwa siku 300 za kazi, ile Sh4 milioni ni Sh13,300 kwa siku. Ongeza mafuta, siku moja inakugharimu Sh31,300. Kama kukodi ni Sh45,000 kwa siku, gari lako linakuokolea Sh13,700. Hii ndiyo hesabu niliyompa mjomba.

Lakini mjomba alifanya kazi siku 130 tu. Gawa tena: Sh30,800 kwa siku, ongeza mafuta, inakuwa Sh48,800. Kila alipowasha gari lake alikuwa akitoa Sh3,800 zaidi ya mtu aliyekodi. Na deni la kikundi lilikuwa palepale.

Katika mfano huu, mpaka wa faida na hasara ni siku 148. Kuupata wako ni rahisi: chukua gharama ya mwaka mzima, gawanya kwa tofauti ya bei ya kukodi na mafuta ya siku moja. Kisha fungua daftari la mwaka jana uhesabu ni siku ngapi ulisafirisha mzigo kweli. Kama huna daftari, ahirisha kununua gari, anza na daftari. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Unahitaji gari la juu kweli?

Wengi hupenda gari dogo la juu kwa sababu linapita mchangani, linabeba familia na lina heshima mbele za watu. Lakini kama kazi yako ni mzigo mtupu, linganisha na kirikuu. Kirikuu halina makuu, lina karai la nyuma, na maji ya samaki hayaingii kwenye viti. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni lami ya kilomita zipatazo 14, na kirikuu au bajaji ya mizigo inaimudu.

Ukiacha lami, mambo hubadilika. Njia nyingi za vijijini ni mchanga wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Hapo gari linalovuta kwa magurudumu manne lina kazi yake. Pima mzigo wako unatoka wapi zaidi, ndipo uchague.

Ujue pia kwamba magari haya hayafanani. Mengi, kama RAV4, X-Trail na CR-V, hayana chesisi ya kusimama peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu. Mengi kati ya hayo huvuta kwa magurudumu ya mbele, na ya nyuma husaidia yanapoteleza. Ni mazuri kwa mchanga wa kawaida, si kwa kuvuta mashua ufukweni. Suzuki Jimny ina chesisi ya ngazi na gia nzito ya kutokea matopeni, lakini nafasi yake ya mizigo ni ndogo. Toyota Rush na ndugu yake Daihatsu Terios wa kizazi kile kile hutumia injini ya lita 1.5, na mafuta yake si mengi.

Usisahau aina ya injini. RAV4 nyingi za kizazi cha pili zilizotoka Japani na injini ya lita mbili zina mfumo wa D4, unaopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfumo huo una pampu ya presha kubwa na unataka petroli safi. Mahali ambapo mafuta huvushwa kwa mapipa na kuhifadhiwa kwenye madumu, maji na uchafu huingia kwa urahisi. Mtu wa kisiwani aulize swali hili kabla ya kuuliza rangi.

Kanuni yangu sasa ni moja. Nenda kwa mafundi wa Kilindoni kabla ya kwenda Dar es Salaam. Waulize gari gani wanaliweza na spea zake zipo mkononi mwa nani. Shokapu linalopatikana Kariakoo kwa nusu saa linaweza kukuchukulia wiki nzima, na kila siku ya kusubiri inatoka kwenye zile siku zako za kazi.

Chumvi haina huruma

Gari la mjomba, ambalo sitataja aina yake, lilikuwa limepigwa rangi likang'aa. Alilinunua kwa picha za simu kupitia kwa dalali. Lilipofika Kilindoni fundi akainua zulia la nyuma, kidole chake kikapita kwenye bati hadi nje.

Kabla ya kulipa, fanya haya. Ingia chini ya gari na bisibisi, ugonge vizingiti vya milango, mahali shokapu zinaposhikilia, na mabomba ya breki. Pitisha sumaku kwenye bodi. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti. Vuta mikanda ya viti hadi mwisho wake, utafute alama za matope, na unuse mazulia, maana Dar es Salaam kuna magari yaliyowahi kulala kwenye mafuriko ya bonde la Msimbazi. Chomoa kijiti cha mafuta ya gia otomatiki. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, ondoka. Washa injini ikiwa ya baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Na tairi zote nne ziwe za kipimo kimoja na zimelika sawa, la sivyo mfumo wa kuvuta magurudumu manne huumia.

Anayeagiza Japani aombe karatasi ya mnada. Herufi S humaanisha kutu, C ni kutu iliyokwisha kula bati, na gari lenye daraja la R liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Mikoa ya kaskazini ya Japani, kama Hokkaido, hunyunyiza chumvi barabarani kuyeyusha theluji, na gari la huko linaweza kufika kwetu likiwa limekwisha kuliwa kabla ya kuiona bahari ya Mafia.

Ukishalinunua, lioshe chini kwa maji baridi ya kisima kila linapotoka ufukweni. Zibua matundu ya kutolea maji chini ya milango. Beba samaki na pweza kwenye ndoo zenye vifuniko au sanduku lisilovuja. Na usishushe magurudumu baharini hata kama mashua iko hatua kumi tu.

Kodi na makaratasi

Wapo wanaodhani kuagiza mwenyewe ni rahisi kuliko kununua lililokwisha kusajiliwa. Tupige hesabu kwa viwango vilivyozoeleka. Gari la zaidi ya miaka 10, injini chini kidogo ya cc 2,000, thamani yake hadi bandarini Sh10 milioni. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni Sh2.5 milioni. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na asilimia 30 kwa uchakavu, vyote juu ya Sh12.5 milioni, ni karibu Sh4.4 milioni. VAT asilimia 18 ni takriban Sh3 milioni. Jumla ni kama Sh9.9 milioni, bila kuhesabu tozo nyingine ndogo. Kodi inakaribia bei ya gari.

TRA hutumia thamani yake yenyewe, si lazima ile ya risiti yako, na ina kikokotoo kwenye tovuti yake. Kwa kuwa viwango hubadilika na bajeti ya kila Julai, angalia kabla ya kutuma fedha.

Unaponunua lililosajiliwa, linganisha namba ya chesisi kwenye gari na ile ya kadi. Kagua madeni ya faini za trafiki kwa kutumia namba ya gari, hakikisha bima si ya kughushi, na hati ya mauziano ishuhudiwe na wakili. Usikubali ahadi ya "kadi nitakutumia". Ukishavuka nalo, kumtafuta muuzaji ni safari nyingine ya bahari. Jihadhari pia na gari la bei poa lenye namba za Zanzibar. Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na suala la tofauti ya kodi limalizwe na TRA kabla hujatoa fedha.

Ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta. Hiyo ni nafuu kwa mwenye gari linalolala sana.

Kulivusha

Kutoka Dar es Salaam unafuata Barabara ya Kilwa, unapita Mkuranga, na Bungu unakata kushoto kwenda Nyamisati. Zamani gari lilipandishwa jahazini kwa mbao, maji yakijaa, huku mwenyewe akisoma dua. Tangu kivuko cha MV Kilindoni kianze safari, mambo ni mepesi zaidi. Hata hivyo nafasi za magari ni chache, na kivuko nacho kina siku za matengenezo. Piga simu kabla ya kuondoka Dar es Salaam, na uwe na fedha ya kulala Nyamisati.

Tulivyomaliza na mjomba

Nilivuka kwenda Bwejuu kumwomba radhi. Baada ya shikamoo nikafungua karatasi mpya mbele yake. Alisikiliza, akasema: "Kwa hiyo shida si gari. Shida ni kwamba linanisubiri."

Alikuwa sahihi. Kuliuza wakati ule kungemwachia deni bila gari. Akaingia ubia wa maandishi na mfanyabiashara wa nazi anayeishi Kilindoni. Gharama za mwaka wanagawana, kila mtu anaweka mafuta ya safari zake, na siku mjomba anapozuiwa na bahari mwenzake anabeba nazi zake mwenyewe. Kwa pamoja wamevuka mpaka wa faida. Rehani ya minazi imekwisha kukombolewa. Mkopo wa kikundi bado unalipwa.

Kwa yule anayejiandaa kununua, ushauri wangu ni huu. Katika kila Sh5 milioni ulizonazo, gari lisichukue zaidi ya nne. Iliyobaki ni ya kuvuka, ya spea na ya mwezi ule ambao kusi itakataa. Na kama daftari linaonyesha siku zako hazifiki mpaka wa faida, tafuta mbia kabla ya kutafuta gari, au endelea kukodi bila aibu.