Mchezo wa Kutafuta Ukweli

Watoto wengi wa mijini hucheza kwa chombo kidogo cha umeme kinachoshikwa mkononi. Chombo hicho kina kioo chenye picha, tena kina vifungo vya kubonyeza. Michezo mingine ni ya kukimbia na kuruka tu. Hiyo yataka vidole vyepesi. Bali kuna michezo inayotaka akili. Humo mna jambo la siri, na mchezaji huutafuta ukweli kidogo kidogo, kama mwindaji anavyofuata nyayo za mnyama.

Mmoja wa michezo hiyo ulitungwa Japani na Shu Takumi, mtu wa kampuni ya Capcom. Ulitoka mwaka 2001, kwa chombo kiitwacho Game Boy Advance. Mwaka 2005 ulitolewa tena kwa Nintendo DS, chombo chenye vioo viwili, ukatafsiriwa kwa Kiingereza. Vyombo hivyo viwili havitengenezwi tena, lakini mchezo wenyewe huchezwa hata leo kwa vyombo vipya.

Katika mchezo huo mchezaji huwa wakili. Jina lake ni Phoenix Wright. Kazi yake ni kumtetea mtu aliyeshitakiwa bila kosa. Mashahidi husimama mbele ya hakimu, na kila mmoja husema aliyoyaona. Wakili huyapima maneno yao moja moja. Aweza kumwuliza shahidi zaidi. Aweza pia kuonyesha kitu kinachokana maneno yake. Kwa Nintendo DS, mchezaji aweza hata kupaaza sauti, «Napinga!», na chombo humsikia. Lakini asipinge ovyo. Akionyesha kitu kisichofaa, hupoteza alama moja. Alama ni tano tu. Zikiisha, mshitakiwa asiye na kosa anahukumiwa.

Tazama shauri la kwanza. Mwanamke mmoja ameuawa nyumbani kwake. Anashitakiwa Larry Butz, rafiki wa Phoenix tangu utoto. Shahidi mmoja asema: «Nilimwona Larry akikimbia. Nikachungulia mlangoni, nikaiona maiti. Niliogopa, sikuingia ndani. Ilikuwa saa saba ya mchana.»

Wakili asoma barua ya mganga. Imeandikwa kwamba yule mwanamke alikufa baada ya saa kumi. Basi, saa saba alikuwa mzima bado! Shahidi ageuza maneno: «Nilisikia televisheni ndani ikitaja saa.» Wakili aonyesha karatasi nyingine: siku ile umeme ulikuwa umekatika. Televisheni isiyo na umeme yasemaje? Shahidi ageuza tena: «Haikuwa televisheni, ilikuwa saa ya mezani.»

Hapo amejifunga mwenyewe. Kitu kilichotumiwa kumpiga yule mwanamke ni sanamu ya mtu aliyekaa akifikiri. Kwa macho ni sanamu tu, kumbe ndani yake mna saa isemayo. Mtu aliyebaki mlangoni angejuaje? Ndiye aliyeishika. Alikuwa mwizi, mwenye nyumba alirudi akamkuta akiiba, naye akampiga kwa sanamu ile. Ndipo alipoisikia ikisema.

Limebaki neno moja. Ilikuwa saa kumi. Kwa nini sanamu ilisema saa saba? Wakili afungua pasi ya marehemu. Alikuwa amerudi jana yake kutoka Paris. Jambo hili lilitokea Los Angeles, katika Marekani, na saa za Paris hutangulia za huko kwa saa tisa. Basi, saa kumi ya jioni Los Angeles ni saa saba ya usiku Paris. Marehemu hakuwa amegeuza saa yake bado. Katika Kongo pia mna tofauti ya namna hiyo: ikiwa saa sita ya mchana Lubumbashi, Kinshasa ni saa tano.

Hivyo barua, umeme, sanamu na pasi vilimwokoa Larry. Kila kimoja peke yake kilikuwa kitu kidogo. Vilipowekwa pamoja, uwongo haukupata pa kukaa. Wazee husema: njia ya mwongo ni fupi.

Mchezo ni hadithi tu. Lakini kijijini kuku akipotea, jina la mtu hutajwa upesi, hasa jina la maskini au la mgeni. Pengine baadaye kuku huonekana kichakani, akilalia mayai yake. Lakini neno baya limekwisha kuenea, wala halirudi kinywani. Katika mchezo, mwenye kukosa huanza tena. Katika maisha, mtu aliyesingiziwa huumia kweli. Kwa hiyo mwenye akili huuliza kwanza: Nani aliona? Aliona nini kwa macho yake? Maneno yake yapatana na vitu vilivyopo?

MASWALI

1. Mchezaji akionyesha kitu kisichofaa, hupoteza nini?
2. Shahidi aligeuza maneno yake mara ngapi? Kila mara alikanwa na kitu gani?
3. Msafiri ametoka Kinshasa kwenda Lubumbashi, hakugeuza saa yake. Saa hiyo yaonyesha saa tatu ya asubuhi. Lubumbashi ni saa ngapi?
4. Kalamu ya mwenzako imepotea darasani. Utafanya nini kabla ya kutaja jina la mtu?