Kuzuru Kisiwa cha Wasini kwa Gharama Nafuu: Maelezo kwa Vyama vya Wanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Aghalabu ziara za vyama vya Kiswahili katika vyuo vyetu vikuu hukwama mezani pa mweka hazina. Ratiba huandaliwa, barua ya kuomba basi huandikwa, kisha gharama zikishatajwa mkutano hunyamaza. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi anaweza kuhitimu shahada ya Kiswahili, akajadili lahaja za kusini kwa kina katika chumba cha mtihani, ilhali hajapata kumsikia mzungumzaji hata mmoja wa lahaja hizo akimwita mtoto aje ale. Hali hii inasikitisha, na kwa maoni yangu haitokani na ufukara peke yake. Inatokana pia na dhana iliyoenea kwamba visiwa vya pwani yetu ni mali ya watalii, na kwamba mwenyeji wa Kenya asiye na hoteli ya kulipia hana la kuvifuata.

Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina mashiko. Nimeteua Wasini kwa kuwa kinafikika kwa nchi kavu karibu safari yote, ni kidogo kiasi cha kuzungukwa kwa miguu, na kina mambo mawili ambayo si rahisi kuyapata pamoja: mandhari asilia na hazina ya lugha.

Kisiwa Chenyewe

Wasini kimo kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, katika Kaunti ya Kwale, mkabala na mji mdogo wa Shimoni. Urefu wake ni kilomita zipatazo 5, na upana wake hauzidi sana kilomita 1. Hakuna magari. Njia ni za miguu, zinapita kati ya nyumba, mibuyu na miamba ya matumbawe ya kale. Upande wa magharibi kuna kijiji cha Wasini, makao ya Wavumba, ambao watawala wao wa zamani waliitwa Madiwani na ambao mji wao wa awali, Vumba Kuu, ulikuwa bara karibu na mpaka wa sasa wa Tanzania. Upande wa mashariki kuna Mkwiro, kijiji cha Wachifundi. Hivyo basi, mtu akitembea asubuhi moja kutoka ncha moja hadi nyingine huwa amevuka mpaka wa lahaja mbili: Kivumba, ambacho H. E. Lambert alikiandikia kitabu kizima mwaka 1957, na Chifundi, ambayo hutumia kiambishi chi- pahali pa ki-, kama jina lenyewe linavyodokeza. Sijui maabara ya isimu iliyo bora kuliko hiyo.

Kwa upande wa maumbile, kivutio mashuhuri ni bustani ya matumbawe iliyo nyuma ya kijiji cha Wasini. Haya si matumbawe hai ya chini ya bahari. Ni miamba iliyoinuka kutoka majini zamani za kale, ikachongwa na mawimbi na mvua hata ikapata maumbo ya ajabu. Bamvua inapojaa, maji huingia kati ya miamba hiyo. Yanapokupwa, hubaki matope, kaa wadogo na mikoko. Juu yake imejengwa njia ya mbao inayosimamiwa na kikundi cha akina mama wa kijijini, na anayeingia hulipa ada ndogo. Mgeni mwenye pupa huimaliza njia hiyo kwa dakika chache. Mwanafunzi wa Kiswahili anashauriwa aende polepole na amwombe mwenyeji amtajie miti. Lugha ya Kiingereza huitosheleza mikoko yote kwa jina moja, lakini Mswahili wa pwani hutofautisha mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi, kila mmoja na matumizi yake: huu ni boriti za nyumba, ule ni kuni, mwingine ni mbao za chombo. Msamiati huo umo kamusini, ndiyo, lakini kamusi haimwonyeshi mtu mizizi ya mchu inayochomoza matopeni kama penseli.

Baharini, kusini mwa kisiwa, ipo Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, iliyoanzishwa katika miaka ya 1970. Sehemu ya Kisite, yenye kilomita za mraba 28, haivuliwi kabisa. Sehemu ya Mpunguti, yenye kilomita za mraba 11, huruhusu uvuvi wa jadi. Pomboo huonekana huko mara kwa mara.

Kuchagua Siku: Pepo, Mwezi na Ramadhani

Wengi wanaopanga ziara hutazama kalenda ya chuo kwanza. Hili ni kosa la kimsingi, kwani kisiwani anayepanga ni upepo. Msimu wa kusi, hasa kati ya Mei na Agosti, bahari huchafuka, maji hupoteza uangavu na mashua ndogo husitasita kutoka nje ya mlango wa bahari. Likizo ya Agosti, ambayo vyama vingi huipenda, ndiyo basi isiyofaa kwa wanaotaka kuogelea juu ya matumbawe, ijapokuwa ndio wakati nyangumi wenye nundu hupita katika maji hayo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta bahari tulivu zaidi. Hata hivyo Desemba ni mwezi wa wageni na bei hupanda. Februari ingefaa, ila mwaka 2026 na mwaka 2027 mwezi wa Ramadhani unaanza Februari. Wakaazi wa Wasini ni Waislamu. Si haki kundi la vijana 20 liwaombe wapishi waliofunga wawapikie wali wa nazi saa saba mchana. Kwa sababu hizo zote, naona Januari, katikati ya juma, ndio wakati unaofaa.

Baada ya mwezi, itafutwe siku. Hapa ndipo elimu ya mabaharia inapookoa fedha. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika pwani yetu hufikia takriban mita 4. Siku hizo maji hukupwa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi, na kujaa tena alasiri. Kila siku inayofuata, wakati husogea mbele kwa dakika kama 50. Kwa hivyo anayetaka kuona miamba ya bustani ikiwa mikavu asubuhi, na kutembea ufuoni kuwatazama viumbe waliobaki madimbwini, achague siku za bamvua, akijua kuwa mashua inaweza kushindwa kufika ukingoni na ikambidi avue viatu apite majini. Anayetaka kuogelea achague maji mafu, yaani siku ambazo mwezi ni nusu, kwa sababu mkondo huwa mpole. Kundi lisilojua hesabu hii hufika wakati usiofaa, kisha hulazimika kukodi mashua kwa mara ya pili.

Nauli na Mashua

Wanaotoka Nairobi wana basi au gari la moshi. Daraja la kawaida la gari la moshi la Mombasa lilipandishwa hadi shilingi 1,500 mwezi Januari 2024, na tikiti hukatwa mapema kwa simu. Kutoka Mombasa mjini, mtu huvuka Likoni kwa feri, ambayo kwa waendao kwa miguu hailipishwi, kisha hupanda matatu ya kuelekea Lunga Lunga. Barabara hupita Ukunda, Msambweni na Ramisi. Hushukwa Kanana, na kutoka hapo Shimoni ni kilomita zipatazo 14, kwa matatu au bodaboda. Jumla ya mwendo kutoka Mombasa ni kama kilomita 80.

Shimoni hapafai kupitwa kwa haraka. Jina lake latokana na mashimo, yaani mapango ya matumbawe yaliyo karibu na gati, ambamo inasimuliwa kwamba mateka wa biashara ya utumwa walifungiwa wakisubiri vyombo. Mapango hayo husimamiwa na wanakijiji wenyewe.

Sasa mashua. Tofauti kati ya ziara ghali na ziara rahisi imo hapa zaidi ya mahali pengine popote. Ipo mashua ya kukodi, inayolipiwa kwa safari bila kujali idadi ya watu, na ipo mashua ya abiria ambayo wenyeji huvukia kila siku, kila mtu na nauli yake. Kwa kuvuka tu hadi Wasini, mashua ya abiria yatosha. Ya kukodi iachiwe siku ya kwenda Kisite. Tuseme, kwa mfano, nahodha anataka shilingi 9,000 kwa siku nzima: watu 4 watalipa 2,250 kila mmoja, watu 12 watalipa 750. Ndiyo maana kundi la watu 10 hadi 12 ni bora kuliko la watu 4, na pia kuliko la watu 30, ambalo huhitaji mashua tatu na humfanya kila mwenyeji awe mhudumu badala ya mzungumzaji. Kabla ya kupanda, hakikisheni idadi ya jaketi za kuokolea maisha ni sawa na idadi ya watu. Zikipungua, shukeni. Ada ya kuingia hifadhini hulipwa kwa njia ya mtandao kwa Shirika la Wanyamapori wala si taslimu, na kwa kuwa viwango hubadilishwa, mweka hazina na avitazame upya wiki ya safari. Mwanafunzi abebe kitambulisho chake cha taifa na cha chuo.

Malazi, Chakula na Suala la Maji

Kisiwani kuna nyumba chache za wageni, za kawaida kabisa, na baadhi ya familia hukaribisha wageni kwa malipo. Wanaotaka kulala bara watapata mabanda ya Shirika la Wanyamapori hapo Shimoni. Chandarua na dawa ya mbu ni lazima. Chakula kiagizwe siku moja kabla, kwani mpishi hununua kulingana na idadi: samaki, pweza, wali wa nazi, mahamri na mbaazi. Chakula kilichoagizwa mapema huwa rahisi kuliko cha ghafla, na fedha zake huingia jikoni mwa mwenyeji moja kwa moja.

Maji ndiyo jambo ninalotaka tulizingatie kwa dhati. Wasini hakina mto, na kwa vizazi vingi watu wake wameishi kwa maji ya mvua yaliyokingwa mapaani na kuhifadhiwa katika mabirika. Kundi la watu 12 wanaooga mara mbili kwa siku kama walio bwenini laweza kunywea akiba ya familia bila kujua. Huu ndio upande wa pili wa neno nafuu: nafuu kwa nani? Ziara ambayo mgeni ameokoa shilingi 200 kwa kubishana na akina mama wa bustanini, kisha akamaliza birika la watu, ni ghali mno, ila gharama yake imeandikwa katika daftari la mtu mwingine. Kwa hiyo mje na maji yenu ya kunywa katika vibuyu na madumu ya kutumika tena. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020. Kuoga na kuwe kwa ndoo moja. Bei ya mashua yaweza kujadiliwa, hiyo ni ada ya biashara, lakini ada ya bustani ilipwe kama ilivyotajwa.

Adabu za Kumsikiliza Mwenyeji

Barua iandikwe mapema kwa wazee wa kijiji, nao watateua mtu wa kuwapokea. Mavazi yawe ya heshima; leso mbili zitamfaa mwanafunzi wa kike kuliko sanduku la nguo, na wavulana wasipite kijijini vifua wazi. Pombe isivushwe. Wazee wapewe shikamoo kabla ya swali lolote.

Mtu asimrekodi mzungumzaji kwa siri. Kwanza aombe, aeleze sauti hiyo itatumiwaje, na akikataliwa aridhike. Tena ni vyema kutofautisha ziara na utafiti: anayekusanya data ya tasnifu anahitaji kibali cha Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na barua ya chama haiwezi kushika nafasi yake. Wala asiwafanye wenyeji watamke maneno kama kasuku ili yeye ajaze jedwali. Aketi barazani, au awasaidie wanaopara samaki. Lahaja itakuja yenyewe, hasa pale wawili wanapobishana na kumsahau mgeni.

Siku ya kurudi, vukeni asubuhi. Matatu za kutoka Shimoni hupungua jioni, na bodaboda ya usiku hadi Kanana hula akiba yote iliyopatikana kwa hesabu za bamvua.