Mwalimu wa Sekondari Msingi, usilipie cha bure

Muhula ukikaribia kufunguliwa, simu za walimu wa sekondari msingi nchini Kenya hujaa matangazo ya aina moja: maazimio ya kazi, nukuu, mitihani pamoja na majibu yake, tuma pesa kwa nambari hii utumiwe faili. Bei huonekana ndogo. Tuchukulie ni Sh100 kwa somo moja kwa muhula. Mwalimu mwenye masomo matatu katika Gredi ya 7, 8 na 9 atalipa mara tisa kila muhula, na mwaka ukiisha Sh2,700 zitakuwa zimemtoka. Kwa mwanagenzi aliyeajiriwa kwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, hizo si pesa za kuchezea.

Na ananunua nini hasa? Mara nyingi ananunua mwongozo wa mtaala wa KICD, taasisi ya kukuza mitaala, uliokatwakatwa na kupangwa kwa wiki. Mwongozo wenyewe hupatikana bure kwenye tovuti ya taasisi hiyo. Ufungue: kuna mada, mada ndogo, matokeo maalum yanayotarajiwa, maswali dadisi, shughuli za ujifunzaji zilizopendekezwa, idadi ya vipindi na rubriki ya tathmini. Kinachobaki ni kuzigawa mada hizo katika wiki za muhula kwa kuangalia ratiba ya shule yako, kazi ya alasiri moja ya Jumamosi. Muuzaji wa faili hajui kwamba shule yako ina vipindi viwili vinavyoliwa na michezo kila Ijumaa.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko bei. Mwaka 2024, kufuatia mapendekezo ya jopokazi lililoongozwa na Profesa Raphael Munavu, masomo ya sekondari msingi yalipunguzwa kutoka 14 hadi 9. Elimu ya Afya iliingizwa katika Sayansi Jumuishi. Biashara na Kompyuta zikawa sehemu ya masomo ya awali ya kiufundi. Sayansi Kimu ikaunganishwa na Kilimo, Stadi za Maisha zikahamia Masomo ya Jamii. Faili zilizotengenezwa kabla ya hapo bado zinazunguka, zimebadilishwa tu mwaka kwenye jalada. Ukiona muuzaji ana azimio la Elimu ya Afya kama somo linalojitegemea, mwambie asante na uendelee na safari yako.

Mitihani ya kununua ndiyo isiyo na maana kabisa. Alama zinazompeleka mwanafunzi sekondari ya juu zimegawanywa hivi: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 kutoka KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9 uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Tathmini hizo za shuleni hutolewa na KNEC, baraza la mitihani, kupitia mfumo wake wa mtandaoni, bila malipo. Tatizo la kweli ni kwamba katika shule nyingi nywila anayo mwalimu mkuu peke yake. Mwombe. Maswali ya zamani yaliyomo mle yanakuonyesha vizuri zaidi jinsi baraza linavyouliza kuliko karatasi yoyote ya mtaani.

Cha bure nacho kina gharama yake, nayo ni bando na karatasi. Mwongozo mmoja wenye kurasa 80, ukiuchapisha kwa saiba kwa Sh10 kila ukurasa, unakula Sh800. Usiuchapishe. Uweke kwenye simu, uchapishe kurasa za rubriki pekee. Kwa bando pia, pesa hupotea kwa kutazama video mojamoja usiku kucha. Nunua bando kubwa la muda mfupi, pakua kila unachohitaji kwa mkupuo mmoja, kisha uzime data. Kenya Education Cloud ya KICD ina vitabu, sauti na video za bure, na hapo ndipo pa kuanzia kwa sababu zimefuata mtaala wetu.

Kwa wa sayansi na hisabati, ningeweka PhET mbele ya vyote. Ni maabara ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Baadhi ya majaribio yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwenye tovuti ni bure na unaweza kupakua jaribio mojamoja likafunguka bila intaneti; ukitaka programu yake ya simu utalipa kama dola moja. Chukua lile la saketi za umeme. Mwanafunzi anavuta betri, waya na balbu, anaziunga, balbu inawaka. Akizidisha volti kupita kiasi, betri inashika moto kwenye skrini na darasa zima linapiga kelele. Shuleni kwako hakuna maabara, na huenda mwalimu mkuu asingekuruhusu ufanye hivyo kwa betri ya kweli hata ingekuwepo.

Kolibri inafaa shule nzima kuliko mwalimu mmoja. Imetengenezwa na shirika lisilo la faida la Learning Equality, ni ya bure, na hubeba masomo ya Khan Academy na PhET ndani ya kompyuta moja ambayo vifaa vingine huungana nayo bila intaneti. Gharama ni kompyuta hiyo na umeme. Kumbuka kwamba sekondari msingi imewekwa ndani ya shule za msingi, na shule hizo zilipewa kompyuta na tabuleti kupitia mradi wa serikali ulioanza 2016. Nyingine bado zimefungiwa stoo. Kabla shule haijanunua kifaa kipya, fungueni stoo mjaribu kuviwasha.

Akili unde je? Toleo moja la kulipia la ChatGPT ni dola 20 kwa mwezi, takriban Sh2,600, karibu sawa na faili zote za mwaka tulizopiga hesabu hapo juu. Silipendekezi. Toleo la bure linatosha kutunga maswali na mifano, mradi umelibandikia mada ndogo kutoka mwongozo wa KICD. Usipofanya hivyo litakupa somo safi la nchi nyingine.

Mafunzo ndiyo yanayostahili pesa zaidi, ingawa si lazima zitoke mfukoni mwako. Tume ya walimu, TSC, ilipozindua mafunzo endelevu ya walimu mwaka 2021, ada ilikuwa Sh6,000 kwa mwaka, na vyama vya walimu vikapiga kelele kwa haki. Njia nyingine ni kituo cha CEMASTEA kule Karen, Nairobi, kilichotokana na mradi wa SMASSE wa Kenya na Japani ulioanza 1998. Kituo hicho huwanoa walimu wa sayansi na hisabati, na nafasi hupitia kwa wakuu wa shule na maafisa wa elimu. Uliza jina lako litaingizwa lini. Asiye wa sayansi asome TESSA, mkusanyo wa bure unaoongozwa na Open University ya Uingereza, wenye toleo la Kiswahili. Haufuati mtaala wetu, lakini kuhusu darasa kubwa lisilo na vifaa unasema mambo ya maana.

Kuhusu vyama, KNUT ya 1957 na KUPPET ya 1998 vyote vinawataka walimu wa sekondari msingi, na vyote hukata mshahara. Usichague kwa kusikiliza hotuba. Nenda kwenye tawi la eneo lako uulize mambo mawili: nani atakaa nami siku nikiitwa kwenye kikao cha nidhamu, na kama kuna mfuko wa mazishi, mfuko huo hutoa kiasi gani na baada ya muda gani. Tawi lisiloweza kukujibu hayo lisikate hata shilingi.

Ukiwa na Sh1,000 za muhula huu, tumia sehemu kubwa kununua flashi na bando moja la kupakulia mwongozo wa KICD na PhET. Zilizobaki nunua betri mbili, waya na balbu ya tochi, wanafunzi waziguse kwa mikono yao.