Plasta ya nje hushikwa na maji

Chukua mwiko, ugonge kwa mpini wake ukuta wa nje uliopigwa plasta miezi michache iliyopita. Mahali pengi utasikia mlio mfupi, mzito. Pengine utasikia mlio wa debe tupu. Hapo plasta imekwisha kuachana na tofali, na mvua ya masika ikipata ufa itaibandua. Anayejifunza kazi hii hulaumu mkono wake. Mara nyingi mkono hauna kosa: maji ndiyo yaliyokosewa, ukutani, kwenye karai, au siku zilizofuata.

Tofali la saruji hunywa maji kwa pupa. Likipigwa plasta likiwa kavu, huvuta maji ya mchanganyiko kabla saruji haijayatumia. Saruji haikauki tu kama udongo. Hukomaa kwa kuungana na maji, na kazi hiyo huchukua siku nyingi. Ikinyang'anywa maji mapema, upande wa plasta unaogusa tofali hubaki unga, hata kama uso wa nje unaonekana mgumu.

Kwa hiyo mwagia ukuta maji jioni ya kuamkia kazi, urudie asubuhi. Lakini usianze huku yanachuruzika, kwani tofali lililoshiba kabisa haliivuti plasta, nayo huteleza na kushuka. Subiri mng'ao wa maji utoweke, rangi ya unyevu ibaki. Renta na nguzo za zege ni habari nyingine, maana uso wake laini haushiki kitu. Zichokoe kwa tindo, na zinapokutana na tofali pigilia wavu wa waya unaopita sentimita 15 hivi kila upande. Zege na tofali havitanuki sawasawa juani, ndiyo maana ule ufa ulionyooka chini ya renta huonekana kwenye nyumba nyingi.

Kisha rusha rafu: sehemu 1 ya saruji kwa 2 za mchanga wa chenga kubwa, uji mzito unaotupwa kwa mwiko mpaka ukuta uote vipele. Usiulainishe. Uache ulale, ukiunyunyizia maji. Wengi huiruka hatua hii ili kubana matumizi, nami nasema kwa ukuta wa nje hakuna saruji inayorudisha gharama yake kuliko hiyo.

Plasta yenyewe inatosha kwa sehemu 1 ya saruji na 5 za mchanga. Kuzidisha saruji hakuongezi uhai wa ukuta. Mchanganyiko mkali husinyaa zaidi na kupasuka. Mfuko wa kilo 50 ni takriban lita 35, karibu ndoo mbili za lita 20, nao huchukua karibu ndoo tisa za mchanga. Kwa unene wa milimita 15 na ukuta ulionyooka, utapata takriban mita 10 za mraba. Mchanga uwe wa mto, uliochekechwa. Tia kiasi kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, uache utulie: tabaka nene la tope likikaa juu, uoshe mchanga huo au tafuta mwingine. Wa ufukweni usiuguse. Chumvi yake hutoka ukutani ikiwa unga mweupe, na huula wavu wa waya.

Koroga unachoweza kumaliza ndani ya saa moja, kwani mchanganyiko ulioanza kukaza haufufuki kwa kuongezewa maji. Fuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, alasiri wa mashariki. Bandika vipande vya plasta juu na chini, uvilinganishe kwa timazi na uzi, uviunganishe kuwa mikanda ya wima ya kuongoza rula. Katikati ya mikanda rusha mchanganyiko kwa nguvu. Kishindo ndicho kinachofukuza hewa nyuma yake. Vuta rula kutoka chini kwenda juu ukiichezesha kushoto na kulia, ujaze mashimo, uvute tena.

Sasa subiri. Bonyeza kwa kidole: plasta ikinata, bado, ikiacha alama ndogo bila kukuchafua, sugua kwa ubao ulioloweshwa kidogo. Ukisugua mapema unapandisha maji na saruji juu, na uso huo hupasuka nyufa nyembamba. Matokeo ni yaleyale ukinyunyiza saruji kavu ili ukuta ung'ae. Mng'ao wa niru ni wa sakafu ya ndani.

Kuanzia kesho yake, mwagilia taratibu asubuhi na jioni kwa siku 7, na mchana pia jua likiwa kali. Rangi isubiri wiki 4 hivi.

Haya yote ni ya tofali za saruji. Kuta za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe wa Zanzibar, hupumua kupitia chokaa yake. Plasta ya saruji hufungia unyevu ndani, ukuta ukaoza taratibu. Hizo zirudishiwe chokaa.

Na pale panapolia debe, usipake rangi ukidhani umemaliza. Kata eneo hilo kwa mraba mpaka kwenye plasta iliyoshika, safisha vumbi, lowesha, rusha rafu, kisha piga upya.