Kabla Mtoto wa Mbwa Hajafika Nyumbani (2): Fedha ya Kwanza Iende Wapi?

Juma lililopita tulieleza namna ya kumchagua mtoto wa mbwa: kumtazama mama yake, kukagua macho, fizi na tumbo, na kukataa kumchukua kabla hajatimiza wiki 8. Leo tuchukulie kwamba umeshampata unayemtaka, umekubaliana na mwenyewe, na zimebaki wiki mbili tatu ukamchukue. Uandae nini?

Mazoea yetu ya mijini, Dar es Salaam hata Nairobi, ni kuanza na mnyororo. Mwenye nyumba ananunua mnyororo, anamwita fundi amgongee kibanda cha mabati uani, na maandalizi yanaishia hapo. Chanjo itafikiriwa mnyama akishakua, akianza kubweka na kuonekana ana faida. Utaratibu huo umekaa kichwa chini miguu juu, nao unaua. Mbwa aliye katika hatari kubwa kuliko wote ni yule wa wiki 6 hadi 16, yaani katika siku zilezile tunazomwona bado si wa kugharamiwa.

Muuaji mkuu wa umri huo ni pavo. Virusi vyake vilijitokeza miaka ya 1970, na kufikia 1978 vilikuwa vimezagaa katika mabara mengi. Hushambulia utumbo na uboho wa mifupa. Mtoto wa mbwa anaacha kula, anatapika, anahara damu yenye uvundo mkali, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya siku 2 au 3. Kinachotisha zaidi ni uimara wa virusi vyenyewe: havina utando wa mafuta ambao sabuni ingeuyeyusha, kwa hiyo vinaweza kukaa kwenye udongo wenye kivuli kwa miezi mingi, hata mwaka na zaidi, na huletwa nyumbani kwa soli za viatu na matairi ya bodaboda.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kuandaa ni uwanja wenyewe. Uliza: je, katika mwaka uliopita kuna mbwa aliyekufa kwa kuhara damu hapa nyumbani, au kwa jirani ambaye wanyama wake huingia kwetu? Kama yupo, sakafu ya saruji na vyombo vyote visuguliwe kwanza kwa sabuni mpaka uchafu utoke, kisha vimwagiwe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 20 hadi 30 za maji, viachwe vimelowa kwa dakika 10, halafu visuuzwe. Ukimwaga dawa juu ya uchafu umepoteza dawa, maana uchafu unaimaliza nguvu. Udongo hauwezi kusafishwa hivyo. Mwenye uwanja wa udongo uliokwisha kuua asilete mtoto wa wiki 8. Atafute mbwa aliyekamilisha chanjo zake zote. Najua ushauri huu unawaumiza watoto waliokwisha kuahidiwa, lakini kuwaonyesha kifo cha namna ile ni maumivu makubwa zaidi.

Fedha ya kwanza, basi, ni ya chanjo, na itengwe kabla ya shilingi yoyote kwenda kwa fundi. Wengi huamini sindano moja inatosha, wakishangaa baadaye mbwa aliyechanjwa anakufa kwa ugonjwa uleule. Sababu yake inaeleweka vizuri. Mtoto wa mbwa hupata kinga ya mwanzo kupitia dang'a, maziwa ya kwanza ya mama yake. Kinga hiyo humlinda, lakini pia huizuia chanjo kufanya kazi, kwa sababu inakiona kilichomo ndani ya sindano kama adui na kukiangamiza kabla mwili wa mtoto haujajifunza kupigana. Kwa mtoto mmoja kinga ya mama huisha wiki ya 7, kwa mwingine wiki ya 14, na kwa kumtazama tu huwezi kujua ni lini. Ndiyo maana chanjo ya pamoja ya pavo, distempa na homa ya ini huanza wiki ya 6 hadi ya 8, ikarudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4, na dozi ya mwisho ikatolewa mtoto akiwa na wiki 16 au zaidi. Anayeacha katikati amelipia dozi ambazo huenda hazikufanya lolote.

Distempa nayo tusiichukulie kama ugonjwa wa mbwa wa watu fulani tu. Mwaka 1994 virusi vyake viliingia Serengeti, na takriban theluthi moja ya simba wa hifadhi ile, kama 1,000 hivi, walikufa. Watafiti waliufuatilia ugonjwa na kuuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi, na tangu hapo mbwa wa vijiji hivyo wamekuwa wakichanjwa kwa mpango maalumu. Mtu anayemchanja mbwa wake analinda zaidi ya ua wake.

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kwa kawaida mtoto akifikisha miezi 3, ikarudiwa baada ya mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na sehemu kubwa wakiwa watoto. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kupona ni muujiza. Uulizie tarehe za kampeni ya chanjo katika halmashauri yako. Nyingi hufanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, na mara nyingi huwa bure. Hapohapo weka mche wa sabuni kwenye bomba la uani, usiondolewe. Mtu akiumwa au kuparuzwa na mbwa yeyote, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Pilipili na mafuta ya taa visikaribie jeraha.

Swali la nani achanje lina uzito wake. Chupa ya chanjo ya pavo ina virusi hai vilivyodhoofishwa, vinavyohitaji ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ukiinunua dukani, ukaitia mfukoni na kupanda daladala katika joto la Februari, utakachodunga nyumbani huenda ni maji ya bei ghali. Mwite daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata aje na kisanduku chake cha barafu, au mpeleke mtoto kliniki akiwa ndani ya boksi safi bila kumweka sakafuni, maana wagonjwa wamepita pale. Dai kadi ya chanjo yenye kibandiko cha chupa, tarehe na sahihi.

Dawa ya minyoo ni nafuu, na haina kisingizio. Karibu kila mtoto wa mbwa amebeba minyoo, kwa kuwa minyoo ya duara humpitia tangu tumboni mwa mama, na safura humpitia katika maziwa. Matibabu huanza akiwa na wiki 2, yakarudiwa kila wiki 2 mpaka wiki 12, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Muulize mwenye mama lini alitoa dozi ya mwisho, na uendelee kutoka hapo kwa kipimo cha uzito. Pima mtoto kwenye mzani wa dukani ukibidi. Mayai ya minyoo hii hukomaa mchangani, na watoto wetu huchezea mchanga uleule. Kwa hiyo nunua pia koleo dogo la kuzolea kinyesi kila siku.

Sasa chakula. Hapa ndipo ninapotofautiana na majirani zangu wengi, kwa sababu ugali na maji ya mifupa humshibisha mtoto wa mbwa bila kumjenga. Mtoto anayekua anahitaji protini isiyopungua asilimia 22 ya chakula chake kikiwa kikavu. Unga wa mahindi una kama asilimia 8 au 9 tu. Lishe hiyo ya ugali huchangia kutuletea mbwa wenye matumbo makubwa na miguu iliyopinda. Mwenye uwezo anunue chakula kikavu cha pakiti kilichoandikwa kuwa ni cha watoto wa mbwa, kwa kuwa cha wakubwa hakitoshi. Asiye na uwezo huo hajakwama. Dagaa wakavu wa Mwanza wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa na miba yao, huleta pia chokaa ya mifupa. Pepeta mchanga, osha, chemsha, saga, changanya. Mapupu ya buchani yaliyochemshwa na yai la kuchemsha mara kadhaa kwa wiki hukamilisha. Ugali usizidi nusu ya bakuli. Nyama tupu nayo si jibu, maana ina upungufu mkubwa wa chokaa, na mifupa ya mtoto anayelishwa nyama peke yake hulegea.

Unga wa mbwa usiwe ule uliokataliwa na watu. Mahindi yenye ukungu hubeba sumukuvu, na mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini Kenya. Mbwa ni mwepesi wa kudhurika kuliko wanyama wengi. Ini lake huharibika, anakuwa wa manjano, anatoka damu, anakufa. Mtu anayenunua gunia la mahindi yaliyovunda kwa sababu “ni ya mbwa tu” ananunua sumu kwa bei ya jumla. Vilevile mabaki ya mchuzi uliojaa vitunguu yasimwagwe bakulini, kwa kuwa vitunguu huvunja chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa huchanika vipande vyenye ncha, nayo ni mwiko. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha wengi. Akishaachishwa kunyonya, maji safi yanatosha. Mlishe mara 4 kwa siku mpaka miezi 4, kisha mara 3, na akifika miezi 6 mara 2. Juma la kwanza endelea na chakula alichozoea kwao, ukibadilisha kidogo kidogo, hata kama chakula hicho hukipendi. Omba kiasi chake siku unapokwenda kumchukua.

Mabakuli yawe 2, ya chuma kisichoshika kutu, mazito yasipinduke, na yasifanane kabisa na vyombo vya nyumbani. Kwa familia za Kiislamu za pwani hili lina uzito wa dini. Mbwa wa ulinzi, wa kuwinda na wa kuchunga ameruhusiwa, lakini katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu pwani, chombo alicholamba huoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Bakuli lake, ndoo yake na kitambaa chake vikiwa vya rangi ya peke yake, na banda likiwa mbali na njia ya kwenda kutawadhia, ugomvi mwingi wa nyumbani hautazuka. Nimeona mbwa wakitupwa barabarani kwa sababu jambo hili halikuzungumzwa mapema.

Banda lenyewe lipimwe kwa mbwa mzima: asimame, ageuke, alale amejinyoosha. Sakafu ya mbao iinuliwe kutoka ardhini ili maji ya masika yapite chini. Bati tupu juu ya kichwa chake ni tanuri saa 7 mchana. Weka makuti au dari ya mbao, na uchague kivuli cha mti. Ziba nyufa zote za mbao na ukuta. Kupe wa mbwa hashindi mwilini siku zote: jike likishashiba damu hushuka, hupanda ukutani na kutaga mayai kwa maelfu ndani ya ufa. Ndiyo maana unamwogesha mbwa leo na wiki ijayo amejaa tena. Dawa ya josho la ng'ombe isitumike kwa mtoto kabisa, imeshaua wengi. Nunua dawa ya kupe iliyotengenezwa kwa mbwa, na usome umri na uzito wa chini ulioandikwa kwenye karatasi yake. Matandiko ni kitenge chakavu au blanketi la mtumba, mawili, moja likifuliwa lingine litandikwe.

Mnyororo umefika mwisho wa orodha, na ningependa usifike kabisa. Kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi mbwa hujifunza kwamba watoto, wageni, pikipiki na mbwa wengine si hatari. Aliyefungwa kipindi hicho hukua na woga, na mbwa mwoga ndiye anayeuma mtoto wa mpangaji na kumkimbia mwizi. Nunua ukanda laini wa kitambaa wenye bizimu, unaoingiza vidole viwili kati yake na shingo, na uukague kila wiki kwa sababu shingo inanenepa. Tumewahi kukata kanda zilizozama ndani ya nyama. Ongeza kamba ya mita mbili ya kumtembezea. Fedha ya mnyororo irekebishe geti na kuziba tundu la uzio.

Ataguguna, kwa kuwa meno yake 28 ya utotoni yanang'oka kati ya miezi 4 na 6 kupisha 42 ya ukubwani. Kitambaa kilichofungwa mafundo kinamtosha. Kandambili kuukuu usimpe, kwani hawezi kuitofautisha na mpya.

Ukijumlisha gharama hizi ukaona mfuko hautoshi, mwombe mwenye mama akae naye mwezi mmoja zaidi, nawe uchangie chanjo na chakula huko aliko. Mtoto wa wiki 12 aliyechanjwa ataizoea nyumba yako vizuri kabisa. Juma lijalo tutaeleza usiku wa kwanza: alale wapi, aitikiwe vipi akilia, na lini aanze kufundishwa kujisaidia nje.