Urithi wa Macho Si Laana

Ipole, katika Wilaya ya Sikonge, ndipo barabara itokayo Tabora inapogawanyika: moja yaelekea Mpanda, nyingine Rungwa. Watu wake hulima tumbaku na kulina asali, na kazi hizo zote zataka macho. Kwa hiyo twapenda leo kuzungumza nao, pamoja na wafanyakazi wote, juu ya ugonjwa unaowashika vijana: keratokonasi.

Mbele ya mboni pana utando angavu uitwao konea, upitishao nuru. Kwa mgonjwa, konea hupungua unene, ikachomoza mbele kama ncha ya pia. Kijana huona maandishi yamepinda au yako mawili mawili, na hubadilisha miwani mara kwa mara bila nafuu. Ugonjwa huanza mara nyingi wakati wa balehe, na uanzapo mapema huenda mbio zaidi. Hapo wengine humwita mtoto mvivu wa masomo. Wengine humlaumu mama yake, wakidai ukoo wake una laana.

Yatupasa kusema kweli. Ugonjwa huu una mizizi katika urithi, lakini si laana, wala hautoki kwa mama peke yake. Mwingereza John Nottingham aliueleza kwa urefu mwaka 1854. Mwaka 2021 wataalamu wa mataifa mbalimbali walitangaza sehemu 36 za urithi zinazohusiana nao, baadhi zikihusu kolajeni, yaani nyuzi ziipazo konea nguvu. Hakuna jeni moja ikatayo hukumu. Wagonjwa wengi hawana jamaa ajulikanaye kuwa nao. Urithi huandaa udhaifu, na kufikicha macho huuzidisha. Basi moshi na vumbi vinapomwasha mtoto, anawe kwa maji safi au apewe dawa hospitalini, wala asifikiche.

Kuujua urithi kuna faida kubwa. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja aliye mgonjwa yumo hatarini kuliko wengine. Na apimwe, hata kama hajalalamika. Iko tiba iliyobuniwa Dresden, Ujerumani, na matokeo yake yakatangazwa mwaka 2003: konea hutiwa matone ya vitamini B2, kisha humulikwa kwa mionzi ya urujuanimno, nyuzi zikakazana. Kwa wengi ugonjwa husimama, lakini umbo la konea lililokwisha haribika halirudi kuwa kama zamani. Achelewaye huenda akahitaji kupandikizwa konea ya marehemu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu amwonapo mtoto akikaza macho, asimchape. Amwite mzazi, naye ampeleke hospitali ya Sikonge au Kitete. Nao wenye madaraka wakumbuke kwamba mashine ya kupima umbo la konea haifai kuwa mali ya miji mikubwa tu. Mtoto wa mlina asali naye ni mjenzi wa taifa, na hawezi kujenga asichokiona.