Bandu Bandu Huisha Gogo

Kila alfajiri moshi hupanda juu ya mapaa ya nyumba zetu, Unguja na Pemba. Ni moshi wa neema, kwani ni dalili ya kuwa pana chakula jikoni. Hata hivyo, ni mara chache tunapojiuliza kuni na makaa hayo yametoka wapi, na kama wajukuu wetu nao watayakuta.

Nyumba nyingi za visiwa hivi zingali zikipikia kuni na makaa. Ardhi yetu imezungukwa na bahari. Msitu ukiisha, hapana pori jengine la kuhamia. Mkataji anayekosa miti ya juu huingia mikokoni. Na mikoko hiyo, ya Ghuba ya Chwaka na ile ya Pemba iliyo mingi zaidi, ndiyo malezi ya samaki na kaa wachanga, na ndiyo inayovunja nguvu za mawimbi. Bahari inazidi kupanda, na huko Pemba yapo mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuingiliwa na maji ya chumvi. Pwani iliyokatwa mikoko yake ni pwani iliyovuliwa ngao.

Tunasema haya si kwa kumlaumu mpishi, bali kwa kuwa kinga mojawapo imo mikononi mwake. Maharage na mbaazi zilizoroweka usiku kucha huiva kwa moto mdogo. Sufuria iliyofunikwa haipotezi joto. Kuni zilizokauka vyema huwaka bila ya kufuka moshi mwingi. Seredani yenye udongo wa kufinyanga ndani yake hula makaa kidogo kuliko ile ya bati tupu. Makaa yaliyobaki yazimwe, yatumike kesho. Vifuu na makumbi tunayoyatupa ni moto wa bure.

Yuko atakayeuliza: jiko langu moja litaokoa nini? Tunamkumbusha habari ya mifuko ya plastiki. Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, miaka 13 kabla ya Bara. Serikali ilitunga amri, lakini aliyekwenda sokoni na kikapu chake ni mwananchi.

Na hapa tunawageukia viongozi wetu. Si haki kumtwisha mama wa nyumbani mzigo wote. Mtu apataye riziki yake siku kwa siku hununua makaa ya kopo, si kwa kuwa anauchukia mtungi wa gesi, bali kwa kuwa hana fedha za kuulipia kwa mara moja. Wahusika watafute njia ya kumwezesha kulipa kidogo kidogo. Mafundi wa seredani bora wasaidiwe, na miche ya mivinje ifike vijijini kabla ya mvua za masika, si baada yake. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 ilivifungulia vijiji mlango wa kuhifadhi misitu yao. Vijiji hivyo visiachwe peke yao. Kumnyang'anya mkataji shoka bila ya kumwonyesha riziki nyengine ni kumhamishia msitu wa pili.

Wazee walisema bandu bandu huisha gogo. Gogo letu ni moja. Kila nyumba ikipunguza ubandu mmoja kwa siku, na Serikali ikatimiza wajibu wake, litabaki la kuwarithisha watoto.